Bushi za plastiki zenye nyuzi kwenye konveya ya mkonge: kwa nini zilikamata shafti, na ziwekwe zipi badala yake

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi mitambo katika shamba la mkonge wilayani Korogwe. Konveya inayopeleka majani kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani ili kupata singa (nyuzi za mkonge), ina shafti za chuma cha kawaida zenye kipenyo cha milimita 50, zinazozunguka mara 60 kwa dakika, na kila shafti imekaa kwenye bushi mbili za bronzi, yaani pete ndefu ambamo shafti huzungukia, zenye urefu wa milimita 60. Bushi hizo huloweshwa muda wote na maji yenye utomvu wa mkonge, na hulika upesi sana. Tulijaribu bushi nyeusi za nailoni yenye nyuzi za kioo asilimia 30, zikakerezwa kwa vipimo vilevile vya bronzi, yaani ukuta wa milimita 8 na nafasi ya milimita 0.1 kati ya bushi na shafti. Zilikwenda vizuri, kisha baada ya wiki kama sita shafti mbili zikakamatwa. Tulipozitoa tukakuta zimechimbika mistari. Muuzaji sasa anatushauri tuchukue tefloni nyeupe, au ile ya kahawia yenye bronzi ndani. Tuchukue ipi, na je, tuendelee kupaka grisi? Tunafikiria pia kubadilisha bushi za konveya ya makapi na zile za chumba cha brashi, kinamosafishwa singa kavu.

Jibu: Marahaba, ndugu fundi. Kati ya aina tatu ulizozitaja hakuna hata moja ninayoishauri kwa konveya ya majani. Nailoni yenye kioo haifai mahali penye maji; tefloni nyeupe isiyoongezwa kitu italika haraka kuliko hata bronzi yenu; na ile ya kahawia imebeba ndani yake madini yaleyale ambayo utomvu wa mkonge umekuwa ukiyala. Mnachohitaji hapo ni PTFE, ambayo ndiyo jina la kitaalamu la tefloni, iliyoongezwa kaboni na grafiti, ikiwa na ukuta mwembamba, juu ya shafti iliyovishwa koti la chuma kisichoshika kutu. Kwa konveya ya makapi jibu ni tofauti kabisa, na kwa chumba cha brashi ni tofauti tena. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ukizijua utaweza kumhoji muuzaji yeyote bila kutegemea rangi ya fimbo aliyoiweka mezani.

Nianze na kilichotokea kwenye shafti zenu. Makosa yalikuwa mawili na yalikwenda sambamba, ndiyo maana dalili zimechanganyika. La kwanza ni maji. Nailoni hunywa maji: nailoni 6 tupu ikizamishwa mpaka ishibe huchukua maji yanayofikia asilimia 9 hivi ya uzito wake. Ikitiwa nyuzi za kioo asilimia 30 kiwango hicho hushuka hadi asilimia 6 au 7, kwa kuwa kioo chenyewe hakinywi, lakini nailoni iliyobaki kati ya nyuzi inakunywa kama kawaida, na inapokunywa inavimba. Fimbo zinazouzwa kwa ajili ya kukerezwa husukumwa kiwandani kwa urefu wake, na nyuzi nyingi hulala kufuata urefu huo. Kwa hiyo kioo huizuia fimbo isirefuke, lakini hakiizuii sana isinenepe, na kunenepa ndiko kunakoiumiza bushi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nailoni hiyo ikishiba inanenepa kwa asilimia 2. Ukuta wa milimita 8 utaongezeka milimita 0.16 kila upande, na kwa kuwa nje kuna nyumba ya bushi, yaani kibebeo chake cha chuma kisichosogea, ongezeko lote litaelekea ndani, yaani milimita 0.32 kwenye kipenyo cha tundu. Hata ikinywa nusu tu ya kiasi hicho, tundu limepungua milimita 0.16, ilhali nafasi mliyoiacha ilikuwa 0.1. Hapo sijahesabu mzingo wa bushi ambao nao unataka kupanuka, unazuiwa na nyumba yake, na kwa hiyo unasukuma plastiki ndani zaidi. Wiki sita pia zinaeleweka. Maji hayapenyi nailoni nene kwa siku mbili. Huingia polepole kwa majuma na hata miezi, na katika muda wote huo mashine huonekana iko salama. Kama bado mnazo bushi zilizokamata, zipimeni tundu kwa venia (kifaa cha kupimia vipenyo) sasa hivi kabla hazijakauka, mlinganishe na kipimo kilichokerezwa. Mtaliona tofauti wenyewe.

Kosa la pili ni kioo juu ya chuma laini. Kioo ni kigumu kuliko chuma cha kawaida cha shafti. Nyuzi zinapojitokeza usoni mwa bushi, na baadhi zikakatika na kubaki kati ya nyuso mbili, zinafanya kazi ya msasa. Mistari mliyoikuta imechorwa nazo, ikisaidiwa na vumbi la kutu ambalo shafti hujitengenezea kila mitambo inapolala. Kisha shafti iliyochimbika inageuka kuwa tupa na kuanza kuila bushi. Nailoni yenye kioo ni nzuri sana kwa mabano, kwa magurudumu ya meno yanayobeba mzigo mkubwa, na kwa mifuniko ya mitambo, lakini kama bushi inadai shafti iliyotiwa ugumu wa angalau 50 kwa kipimo cha Rockwell C na mahali pakavu. Ninyi hamna lolote kati ya hayo mawili.

Hapa niseme kidogo kuhusu kile ambacho nyuzi na unga hufanya ndani ya plastiki, kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi za wauzaji huwafanya watu waamini kwamba plastiki iliyoimarishwa ni bora daima kuliko isiyoimarishwa. Nyuzi ndani ya plastiki ni kama nondo ndani ya zege: zinabeba mvuto na kuzuia umbo lisibadilike. Bushi, hata hivyo, haifi kwa kukatika. Hufa kwa kulika, kwa joto, au kwa kubana shafti. Kwa hiyo swali la kwanza si plastiki ina nguvu kiasi gani, bali ni kitu gani kilichomo ndani yake kitagusana na shafti gani, kukiwa na kimiminika gani katikati.

PTFE ni mfano mzuri. Iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mwanakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, bila ya yeye kuitafuta, na kazi yake ya kwanza nzito ilikuwa kuziba maungio yaliyopitisha gesi kali zenye florini katika mradi wa bomu la atomiki. Yaani tangu mwanzo ilithaminiwa kwa kuwa karibu hakuna kinachoila, na sifa hiyo ndiyo inayotufaa mbele ya utomvu wa mkonge. Msuguano wake na chuma katika mwendo wa polepole ni mdogo kuliko wa karibu kila kitu kigumu tunachokijua, kati ya 0.05 na 0.1. Lakini PTFE tupu ni laini. Ukiikandamiza inatambaa na kubadilika umbo hata bila joto, na ikisuguliwa inabanduka vipandevipande. Ukiiongezea unga au nyuzi zinazofaa, ulikaji wake hupungua mara mia, na katika hali nyingine hadi mara elfu, huku msuguano ukipanda kidogo tu. Sijui plastiki nyingine inayofaidika na kichanganyiko kwa kiasi hicho.

Sasa tuipime kazi yenu. Hukuandika mzigo, kwa hiyo nitachukua kilo 300 kwa kila bushi, uzito na mvuto wa mnyororo vikiwa pamoja. Ukipata kipimo cha kweli, badilisha tarakimu. Kilo 300 ni nguvu ya takriban nyutoni 3,000. Eneo linalobeba mzigo huhesabiwa kwa kuzidisha kipenyo kwa urefu, yaani 50 mara 60, ambayo ni milimita mraba 3,000. Mkandamizo basi ni nyutoni 1 kwa milimita mraba, sawa na megapaskali 1, na huo ni mdogo. Kasi ya uso wa shafti ni mzingo wake, milimita 157, mara mzunguko mmoja kwa sekunde, yaani mita 0.157 kwa sekunde. Zidisha mkandamizo kwa kasi upate 0.157. Tarakimu hiyo, ambayo wahandisi huiita PV, ndiyo inayoeleza joto litakalozalishwa usoni mwa bushi.

Kwa kazi kavu isiyokatika, PTFE tupu huvumilia takriban 0.05 tu, nailoni na asetali tupu (plastiki nyingine ngumu ya kukerezwa) huvumilia kama 0.1, PTFE iliyoongezwa kaboni, kioo au bronzi hufika kwenye 0.3 na kuendelea. Kwa hiyo tefloni nyeupe imepitwa mara tatu, nailoni imepitwa, na PTFE iliyoongezwa ina nafasi ya kupumua. Ni kweli kwamba kwenu kuna maji, na maji yanapoza, lakini mimi huhesabu kana kwamba hayapo, kwa sababu siku pampu itakapozimika konveya haitasimama papo hapo. Kumbuka pia kwamba plastiki hupitisha joto kidogo sana, pengine mara mia mbili pungufu ya bronzi, hivyo joto likizaliwa halina njia ya kutoka isipokuwa kupitia shafti.

Mpaka hapo tumejua tunahitaji PTFE iliyoongezwa kitu. Kitu gani? Kioo, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25, hupunguza kutambaa vizuri, lakini kinarudisha tatizo la shafti laini, na ndani ya maji ulikaji wake ni mbaya. Bronzi, asilimia 40 hadi 60, ndiyo inayopitisha joto vizuri zaidi na kubeba mzigo mkubwa zaidi, nayo inafaa sana kwenye slaidi za mashine za karakana na kwenye mitambo ya mafuta ya haidroliki. Ila bronzi hiyo ni unga ulio wazi usoni, na utomvu wenye asidi utauchomoa chembe kwa chembe kama unavyozila bushi zenu za sasa. Molibdenamu disalfaidi, unga mweusi wa kulainishia, huongezwa kidogo, asilimia 5 hivi, pamoja na vitu vingine, na hufanya kazi vizuri zaidi pakavu. Kaboni na grafiti, kwa jumla asilimia 25 hivi, ndizo zinazobaki, na si kwa kubahatisha. Grafiti hulainisha vizuri zaidi palipo na unyevu, kaboni hubeba mzigo, na zote mbili haziguswi na asidi ya mkonge. Kuna pia PTFE yenye nyuzi za aramidi, aina ya plastiki imara sana, ambazo ni pole mno kwa shafti, lakini bei yake haina sababu katika kazi hii.

Kaboni ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Inapitisha umeme, na ikilowana pamoja na chuma cha kawaida katika maji yenye chumvi na asidi huharakisha kutu ya chuma hicho. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kusisitiza koti la chuma kisichoshika kutu juu ya shafti. Chuma cha daraja la 316 kinatosha, kwa kuwa kaboni na grafiti si kali kama kioo. Sababu ya pili ni uso. PTFE hufanya kazi kwa kuacha utando mwembamba juu ya shafti, kisha bushi inateleza juu ya utando wake yenyewe. Utando huo haukai juu ya kutu, wala juu ya mistari inayoachwa na kisu cha leizi (mashine ya kukerezea). Koti lipigwe jiwe la kusagia na kung'arishwa hadi mkwaruzo wa wastani wa mikromita 0.4 hivi. Usivuke ukalifanya kama kioo cha kujitazamia. Uso laini kupita kiasi nao hauushiki utando. Shafti iliyochimbika haifai kurudishwa kazini kwa msasa wa mkono, kwa hiyo gharama ya koti mngeilipa hata kama mngebaki na bronzi.

Maji yenyewe huuzuia utando usikomae, na sitakuficha kwamba bushi ya PTFE ndani ya maji hulika zaidi kuliko ikiwa pakavu. Ndiyo maana naona jambo la thamani kubwa kuliko uchaguzi wa plastiki ni kuitenga bushi na utomvu. Tobokeni nyumba ya bushi, mwingize bomba dogo la maji safi yenye presha, ili maji yatoke ndani kwenda nje pande zote mbili. Chongeni ndani ya bushi mifereji mitatu ya kwenda na urefu, yenye upana wa milimita 4 hivi, na ule upande unaobebeshwa mzigo uachwe bila mfereji. Katika konveya ya mnyororo upande huo si lazima uwe chini. Ni ule mnyororo unakovutia, na alama ya ulikaji kwenye bushi zenu za zamani itawaonyesha ulipo. Maji hayo yataondoa mchanga unaokuja na majani na makapi laini yanayojisokota kwenye shafti, na yatapoza. Kwa bushi zilizopangwa hivi sitarajii ulikaji wa kutisha.

Mnapokwenda kununua, msitegemee rangi wala jina. Fimbo nyeupe dukani inaweza kuwa PTFE, asetali, nailoni au polithini nzito, na yote huenda ikaitwa tefloni au nailoni kulingana na mazoea ya muuzaji. Beba mizani. Kipande cha fimbo chenye kipenyo cha milimita 70 na urefu wa milimita 100 kina ujazo wa sentimita za ujazo 385. Kikiwa PTFE tupu kitakuwa na uzito wa gramu 830 hivi; PTFE yenye kaboni na grafiti haitofautiani sana nayo, kama gramu 800, lakini ni nyeusi; yenye bronzi asilimia 60 itafika kilo moja na nusu. Asetali itakuwa gramu 540 au 545, nailoni tupu 440, nailoni yenye kioo asilimia 30 kama 520. Polithini nzito ni gramu 360, na hiyo hata mizani haihitaji, maana itupe ndani ya ndoo ya maji itaelea. Fimbo nyeusi ya gramu 520 ambayo muuzaji anaapa ni tefloni ya kaboni ni nailoni ileile iliyowakamata. Msijaribu kuichoma kwa kiberiti ili kuitambua: PTFE ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu.

Kuhusu ukerezaji, ukuta uwe milimita 5, usiwe 8. Plastiki nyembamba hupanuka kidogo na kupitisha joto upesi zaidi. Nafasi inayobaki kati yake na nyumba ya zamani ijazwe kwa pete ya chuma kisichoshika kutu. Kipenyo cha nje kizidi tundu la nyumba kwa milimita 0.2 hivi, bushi iingizwe kwa presi bila nyundo, na kazi ya mwisho ya tundu la ndani ifanyike baada ya kuingizwa, kwa kuwa karibu ubanaji wote wa nje hujitokeza ndani. Nafasi kati ya tundu na shafti, ikipimwa mwishoni, iwe milimita 0.25 hadi 0.3. Najua fundi aliyezoea bronzi ataiona hiyo ni bushi iliyokwisha kabla ya kuanza kazi, na huenda msimamizi akaitilia shaka. Mwelezeni kwamba plastiki hii hupanuka kwa joto karibu mara nane ya chuma, na ikipata ongezeko la nyuzi joto 40 itakula karibu milimita 0.1 ya nafasi hiyo. PTFE hainywi maji kwa kiasi cha kujali, kwa hiyo hakuna uvimbe wa kuongeza juu yake.

Ubanaji peke yake hautaishikilia bushi milele, kwa sababu PTFE hutambaa na kulegea. Iachieni mdomo, yaani ukingo uliotokeza, upande mmoja na muifunge kwa pini au skrubu. Gundi haitasaidia, hakuna gundi ya kawaida inayoishika PTFE isipokuwa uso wake uwe umechomwa kwa dawa ya sodiamu, na kazi hiyo ni ya kiwandani. Mkerezaji atumie kisu kikali sana, asibane fimbo kwa nguvu kwenye chaki ya leizi, na aiache ipoe kabla ya kupima. Kwa mafundi wa maeneo ya baridi, tuseme viwanda vya chai vya Mufindi, kuna la ziada: PTFE hubadilika ujazo ghafla, kwa takriban asilimia moja, inapovuka nyuzi 19 za Selsiasi, kwa hiyo bushi iliyopimwa alfajiri haitakuwa na kipimo kilekile mchana. Korogwe shida hiyo itawapata mara chache.

Grisi acheni kabisa kwenye konveya ya majani. Bushi hii haiihitaji, na grisi hufanya mambo mawili mabaya: huzuia utando usishike kwenye shafti, na hunasa mchanga na singa fupi vikageuka uji wa kusagia. Chuchu za grisi zilizopo ndizo mnazoweza kuzifungua na kuzigeuza kuwa mahali pa kuingizia bomba la maji. Saa za mwanzo za kazi zitatoa unga mweusi kidogo, nao ni utando unaojijenga.

Konveya ya makapi ni habari nyingine. Hapo mwendo ni wa polepole, mzigo hauko juu, lakini makapi yana mchanga na yamejaa maji. Kwa mahali kama hapo sichagui plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi zozote. Nachagua polithini yenye molekuli ndefu mno, ile inayoelea kwenye ndoo, ambayo kwa kifupi cha kimataifa huandikwa UHMWPE. Haina nguvu za kujivunia na haifai kupita nyuzi joto 80, lakini katika tope lenye mchanga huvumilia mkwaruzo kuliko vyuma vingi, hainywi maji, haijali utomvu, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya PTFE. Inapanuka sana kwa joto, kwa hiyo acheni nafasi ya nusu milimita au zaidi kwa shafti ya 50, na muifunge kwa skrubu kwa kuwa nayo hulegea. Fimbo hiyohiyo au bamba lake litumike pia kuwa reli za kuteleza mnyororo wa konveya zote mbili. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtakapopata nafuu ya haraka kuliko kwenye bushi zenyewe, maana mnyororo wa chuma unaoburuzwa juu ya chuma hulika pande zote mbili kwa pamoja.

Wapo watakaowashauri mweke kitambaa cha pamba kilichogandishwa kwa resini ya fenoli, ambacho mafundi wengi wanakijua kwa jina la biashara la Tufnol. Si ushauri mbaya. Bushi za aina hiyo zimebeba shafti za meli na roli za viwanda vya chuma kwa miongo mingi zikilainishwa kwa maji matupu, na kwa mzigo mkubwa kuliko wenu ningeanza nazo. Zinahitaji maji yasiyokatika, kwa sababu zikikauka huungua, na zenyewe huvimba kidogo zikilowana. Katika konveya inayosimama na kuanza mara nyingi siwezi kuzipa nafasi ya kwanza.

Katika chumba cha brashi kwanza tutenganishe sehemu za kasi na za polepole. Beringi za ngoma za brashi zinazozunguka kwa kasi ziacheni kama zilivyo. Hakuna bushi ya plastiki itakayostahimili kasi ile, na hesabu ya PV itawaambia hivyo kabla hamjatoa fedha. Ninazungumzia bushi za mikono ya mashine, za roli za polepole na za mabawaba. Hapo ni pakavu, pana vumbi la singa, na vumbi hilo linashika moto. Nailoni ya kumiminwa iliyotiwa mafuta ndani yake inafaa, na asetali yenye PTFE inafaa zaidi kidogo kwa kuwa ukishibisha asetali kwa maji haifiki hata asilimia moja. Nailoni mkiichagua, kumbukeni kwamba hata hewa yenu yenye unyevu itaipa asilimia 2 au 3 ya maji, kwa hiyo kipimo cha bronzi kisirudiwe. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.25 kwa shafti ya 50, kwa ukuta wa milimita 4 au 5, ndiyo ninayoianzia. Plastiki kavu pia hukusanya umeme tuli. Palipo na vumbi jingi, chukueni daraja lenye kaboni ya kutosha kupitisha umeme, na shafti iwe na waya wa ardhi. Grisi huko nako isiwepo, kwa sababu singa na grisi vikijifunga kwenye shafti huwa kama utambi.

Mkerezaji aelezwe pia kuhusu sigara. Unga wa PTFE ukishika kwenye vidole kisha ukaingia kwenye sigara inayowaka, mvuke wake huleta homa na kubana kifua saa chache baadaye, ugonjwa ambao viwanda vya plastiki hii vimeujua kwa muda mrefu. Anawe mikono kabla ya kuvuta, na vipande vilivyobaki visitupwe kwenye tanuri wala kuchomwa pamoja na takataka.

Msibadilishe mstari mzima kwa mara moja. Wekeni bushi mpya kwenye shafti mbili zilizo karibu na korona, ambako maji na utomvu ni vingi zaidi, mkaandike kipimo cha tundu na cha koti la shafti siku ya kufunga. Mpime tena baada ya wiki moja, halafu baada ya mwezi. Wiki ya kwanza bushi itapoteza zaidi kuliko wiki zitakazofuata, kwa hiyo msihukumu kwa kipimo hicho cha kwanza. Hukumuni kwa tofauti kati ya kipimo cha wiki na cha mwezi. Nafasi ikifika milimita 1 badilisheni bushi, maana hapo mnyororo utaanza kuyumba kwenye sproketi (gurudumu lake la meno). Koti la shafti likionyesha mistari mapema kuliko hapo, maji safi hayafiki kwenye bushi, nalo bomba ndilo la kukaguliwa kwanza.